Kondoo Aliyepelekwa kwa Puto

Dukani kwa Ramesh,
Singida mjini,
Ijumaa, Februari 1975

Kwa baba yangu mpendwa, Mzee Alute,

Shikamoo baba. Naiandika tena, shikamoo, kwa sababu Jumatano ulipita mbele yangu na sikupata nafasi ya kukuamkia, na tangu siku hiyo neno hilo limenikaa kooni, halipandi wala halishuki. Natumaini barua hii inakukuta mzima na uvimbe wa mguu umepungua. Mama hajambo? Kifua chake kimetulia? Rahabu na watoto wake wanaendeleaje na ule unga wa njano wa msaada, wameshauzoea au bado wanalia wakiuona? Mimi mwili wangu ni mzima. Kuhusu moyo sitaki kukudanganya.

Dada Rahabu, wewe ndiye unayesoma, kwa hiyo haya yanakuhusu. Msomee baba mkiwa ndani, mlango umefungwa, na usiruke mstari wowote kwa kumwonea haya. Nakujua. Ukifika mahali pagumu usikohoe, soma tu.

Baba, kabla ya yote: ile mbegu ya mtama ambayo mama ameificha kwenye kibuyu juu ya dari, msiipande kesho. Hata mkiona majirani wote wameshika majembe, msiipande. Sababu nitaieleza. Mama mdogo Klara, niliyempa barua hii, amekuja na kitu kingine ambacho bila shaka umekwisha kukiona kabla hata ya kupokea karatasi. Najua umeshtuka. Tafadhali usimuulize neno mpaka Rahabu afike mwisho, maana yeye nimemweleza nusu tu, na hiyo nusu yenyewe imemfanya ashike kichwa.

Nimekasirika, baba. Ulinilea nisiseme hivyo mbele ya mkubwa, nami sijawahi. Shuleni waliniita Melkiori Maji ya Mtungi kwa sababu sikuchemka hata nikipigwa. Leo naomba uniache nilitamke neno hilo, kisha utaniadhibu utakavyo. Nimemkasirikia mkuu wangu wa kazi. Nimejikasirikia mimi mwenyewe. Na kuna mtu wa tatu, nitamfikia.

Kila nikija nyumbani huwa nakuambia kwamba ofisi yetu inapima anga, nawe unatikisa kichwa kwa adabu, halafu nikiondoka unawaambia wenzako kwamba mwanao ni karani wa mbinguni. Ngoja sasa nieleze vizuri kazi yenyewe ni ipi. Kituo chetu ni cha utafiti. Wataalamu wanataka kujua hewa ya chini, hii tunayoivuta na inayobeba mawingu, inavyohusiana na hewa ya juu kabisa ambako hata ndege za abiria hazifiki. Kwa hiyo kila asubuhi Fabiano, fundi wetu, anajaza gesi kwenye puto la mpira, jeupe, kubwa kupita kimo cha mtu, na chini yake ananing'iniza kisanduku chepesi. Puto likiachiwa linapanda, na kisanduku kinatutumia habari kwa redio: hapa hewa ina baridi kiasi hiki, unyevu kiasi hiki, upepo unatoka upande huu. Kadiri linavyopanda baridi inazidi, inazidi, halafu mahali fulani huko juu baridi inakoma kuzidi na hewa inaanza tena kupata joto. Mara ya kwanza nilipopiga tarakimu hizo kwa mashine ya taipu nilidhani nimekosea, nikaanza karatasi upya. Fabiano alicheka mpaka akakaa chini, akaniuliza, karani, unamsahihisha Mungu? Mwisho wake mpira unatanuka kupita kiasi, unapasuka, na kisanduku kinaanguka popote.

Basi, hiyo ndiyo kazi. Puto linauliza, baba. Haliombi, haliamuru, halifungui kitu chochote huko juu. Linauliza, na sisi tunaandika jibu. Rahabu, msomee tena hapo.

Najua jinsi watu walivyokuja kuamini vingine, na kwa hilo simlaumu mwananchi yeyote. Mlipohamishwa mwaka jana mliuacha mlima. Sitautaja hapa, wewe unaujua, kule ambako babu alikuwa akipeleka kondoo mweusi mvua ikichelewa, na wazee wa ukoo wa waomba mvua wakimpokea. Lori la operesheni ya vijiji lilibeba vitanda, mitungi, kuku na mawe ya kusagia. Mlima halikubeba. Mkashushwa kwenye tambarare, nyumba zimepangwa mstari kama madawati, na kila asubuhi mnaona kwa mbali kitu cheupe kikitoka ardhini na kwenda moja kwa moja mawinguni, wala hakirudi. Mtu mwenye kondoo mweusi na asiye na mlima afikiri nini? Mimi mwenyewe, kama nisingekuwa ndani ya ile ofisi, ningefikiri hivyohivyo.

Wa kwanza kuja walikuwa akina mama wa upande wa Ilongero, mwezi wa Desemba. Walikuja wakiimba, kondoo ametangulia. Mkuu wetu, Ndugu Bonaventura, alitoka na koti lake jeupe la kazi. Huyu bwana si mzee, baba, ninakuomba ulishike hilo. Amenizidi miaka michache tu. Alisomea Ulaya, anachukia vumbi, na kwa haki yake nitasema kwamba siku ile alijibu vizuri. Aliwaambia kwa upole warudi, hapa ni mahali pa kazi ya serikali, hapana tambiko. Mama mmoja mnene, Bi Bhoke asingemshinda kwa sauti (unamkumbuka yule aliyeuza pombe karibu na misheni), akamjibu kwamba mwanangu, serikali ndiyo iliyotuondoa kwa wapokeaji wetu, basi serikali ipokee. Wote wakacheka, na Mkuu akacheka pia. Wakamfunga kondoo kwenye nguzo ya lango na kwenda zao.

Jioni ile mvua ikanyesha.

Ingenyesha tu, baba. Asubuhi kisanduku kilikuwa kimekwisha kutuambia kwamba hewa imejaa unyevu kuanzia chini mpaka juu sana. Taarifa hiyo niliipiga kwa mashine kwa vidole vyangu kabla kondoo hajafika langoni. Lakini nani anamsoma karani? Wiki iliyofuata mama wale wakarudi kushukuru, na nyuma yao wakaja watu wa vijiji vingine, kila kijiji na kondoo wake. Fabiano, ambaye hakosi la utani, akamwambia Mkuu kwamba sasa una vyeo viwili, na hiki cha pili kina nyama. Mkuu alicheka tena. Baadaye, polepole, akaacha kucheka. Hapo ndipo nilipoanza kuogopa. Alianza kupiga pasi lile koti. Alianza kuwaruhusu wazee waliguse puto kabla halijaachiwa, na wakati wa kuliachia alinyanyua mkono juu kama mtu anayeamuru. Fabiano akaliita koti joho. Puto la asubuhi, ambalo kwa mujibu wa utafiti linatakiwa kwenda saa ileile kila siku, likawa linamngoja kondoo.

Nilisema, baba. Sitaki udhani nilinyamaza tu. Nilikwenda mezani kwake na sauti yangu hii ndogo, nikamwambia kwamba tunachelewesha vipimo na kwamba watu wanatuelewa vibaya. Hakunifokea. Afadhali angefoka. Alinipa kiti, akaniambia kwamba Melkiori, hawa watu wamepoteza nyumba, mashamba na makaburi yao, mimi nawapa asubuhi moja ya kuimba, wewe unawapa nini? Tarakimu? Nikarudi mezani kwangu. Nikuambie ukweli, jibu lake lilinituliza kwa muda, lilikuwa jibu zuri. Harufu ya nyama ndiyo iliyoliharibu, maana dirisha langu linatazama jiko lake.

Halafu mvua ikakatika, kama ulivyoona. Tangu katikati ya Januari kisanduku kinatuletea habari moja tu. Karibu na ardhi pana unyevu kidogo, juu yake pamekaa hewa kavu iliyotoka mashariki, kavu kama ndani ya kibuyu kilichoanikwa, imefunika kama kifuniko cha chungu. Yale mawingu madogo unayoyaona asubuhi, unayoyatazama ukiwa na matumaini, yanapanda yanagonga kifuniko hicho na kuyeyuka. Alasiri hayapo. Hilo si siri ya wasomi. Limeandikwa kwa lugha nyepesi, na kila wiki kituo kinapaswa kuiambia ofisi ya kilimo ya mkoa ili Bwana Shamba awaambie wakulima washike mbegu zao, wasipande bado. Mkuu hakuipeleka habari hiyo. Alisema tusiwatie watu hofu. Wiki iliyofuata akasema tungoje kidogo. Na wakulima walipokuja na kondoo wao na kumuuliza, je, tupande? akawaambia kapandeni, puto nimekwisha kulituma.

Wakapanda. Sijui kama habari za upande wa Ilongero zimewafikia. Nilitumwa kule kuokota kisanduku kilichoanguka, nikamkuta yule mama mcheshi wa Desemba shambani kwake na wanawe. Nilidhani wanapalilia. Walikuwa wanafukua mbegu, baba. Punje moja moja, kutoka kwenye mavumbi, wanapuliza na kutia kwenye kikombe cha bati, wakazisage wale. Nikamwamkia. Hakucheka. Siku chache baadaye alikuja ofisini peke yake, hana kondoo, hana wimbo. Unajua alitaka nini? Alitaka kuuliza kama kondoo wake alikuwa na kasoro. Mimi nilikuwa nimekaa palepale na mashine yangu. Ndugu Bonaventura alifikiri kidogo, akamwambia kwamba ndiyo, yule kondoo alikuwa na baka jeupe karibu na kwato.

Yule mama akaomba radhi. Yeye. Aliomba radhi, akafunga khanga yake vizuri na kutoka.

Huyu Ramesh, ambaye ninaandikia kwenye kaunta yake, ni mtengenezaji wa redio, ndiye anayetuchajia betri za kituo. Nilipomsimulia habari hiyo aliweka chini chuma cha kuchomelea, akasema, bwana mdogo, mimi nikiuza betri mbovu mteja anarudi kunitukana mpaka mtaa mzima unasikia. Nyinyi mvua isipokuja mteja anarudi kuomba msamaha. Hebu nifundishe biashara hiyo. Nilicheka, halafu nikaona aibu kwamba nimecheka.

Sasa nafika kwa mtu wa tatu.

Jumatano mlikuja watu wa kijiji chetu. Nilisikia wimbo nikautambua, nikasimama dirishani. Wewe ulikuwa nyuma ya wote. Ulivaa koti lako la mikutano, ila beji ya chama ulikuwa umeivua. Niliona tundu la pini. Wewe, balozi wa nyumba kumi, uliyesimama mwaka jana mbele ya watu wote na kusema mambo ya mlimani yabaki mlimani, sisi sasa ni wajamaa. Sikucheki, baba. Najua ni nini kilichokutoa nyumbani, nimeuona huo unga wa njano, na najua watu walikuwa wakikuuliza, balozi, na wewe unafanya nini? Ulipita karibu na dirisha langu kiasi kwamba ningenyoosha mkono ningekugusa bega. Macho yetu yalikutana. Ukatazama chini. Nikaelewa kwamba hutaki nikujue pale, nikatii, kwa kuwa kutii ndiko ulikonifundisha.

Kisha ukafika mbele ya Ndugu Bonaventura. Ukavua kofia. Ukainama, na ule mguu mbaya, ukamwambia shikamoo.

Naye akaitikia, marahaba.

Nimetafuta namna ya kukueleza jinsi ilivyokuwa kulisikia neno hilo nikashindwa. Ni mtu wa rika langu. Angekuja nyumbani kwetu ungemtuma maji. Angeweza kusema hapana mzee, mimi ndiye wa kukuamkia, shikamoo. Mtu yeyote aliyezaliwa na mwanamke angesema hivyo. Hakushtuka hata kidogo. Aliitikia kama mtu aliyezoea, na amezoea kweli, maana nilikumbuka kwamba wazee wa vijiji vyote wamemwamkia hivyo mimi nikiwa nimeinamia mashine, na sikusikia mpaka aliposema baba yangu mwenyewe. Kwa hilo nimejikasirikia. Kisha akapokea kamba, akanyanyua mkono, puto likaenda, na akawaambia kapandeni Jumamosi.

Lakini na wewe, baba. Nisamehe, naandika upesi kabla sijaogopa. Sijakukasirikia kwa ajili ya kondoo. Kondoo ni wa nyumba yako. Nimekukasirikia kwa sababu mwanao alikuwa ndani ya nyumba ile. Ulinisomesha. Uliuza ng'ombe wa mahari ya shangazi ili nijue kusoma vitu kama hivi, na jibu ulilokuwa unalitafuta lilikuwa mezani pangu, mlango uko wazi. Ungesema tu, Melkiori, mvua ipo? Ningekuambia haipo baba, shikeni mbegu, na ungeondoka na kondoo wako, na mimi ndiye ningekuamkia wewe. Ukamwuliza mwenye koti. Kwa nini? Ni kwa sababu nakuletea sabuni na sukari kama mtoto, ndiyo maana huwezi kuamini kwamba najua kitu? Usinijibu sasa. Nilitaka tu ulisikie swali.

Ulipogeuka kuondoka ndipo nikamtazama yule kondoo. Sikio la kushoto lina mkato wa babu, ule wa pembe na ufa mdogo chini yake. Ni yule jike wa mama, aliyebaki peke yake baada ya safari ya lori.

Sasa nikuambie nilichofanya, maana umekwisha kuanza kukisia.

Jana asubuhi Mkuu alimwagiza Fabiano ampeleke kondoo yule kwa muuza nyama mjini. Nikasikia sauti inasema nitampeleka mimi, na ilikuwa sauti yangu. Fabiano akaniangalia juu mpaka chini, akauliza, karani, wewe utaishika kamba au kamba itakushika wewe? Mkuu akasema vizuri, na apate hewa kidogo. Nikashika kamba. Karatasi za vipimo sikuzigusa hata moja, kwa kuwa najua ningesingiziwa kuiba mali ya serikali. Nikaingia mjini hivyo, shati jeupe na tai, na kondoo mweusi anayesimama kila penye jani. Watoto walinifuata. Ramesh alitoka mlangoni akaniuliza kama leo nimeleta betri yenye miguu. Sikwenda kwa muuza nyama. Nilikwenda moja kwa moja ofisi ya kilimo ya mkoa, nikapanda ngazi na kondoo, nikaingia naye kwenye sakafu nyekundu iliyosuguliwa, mpaka mbele ya meza ya Bi Dorkas, ambaye ndiye anayepokea habari za mvua.

Alipiga kelele, na haki yake, kwa sababu kondoo aliichafua ile sakafu papo hapo. Akauliza kama nimerukwa na akili. Nilitaka kusema maneno niliyoyapanga njiani, yote yakapotea, nikasema tu, mama, hii ndiyo bei ya mvua kwenye kituo chetu, na mvua yenyewe haipo. Akafunga mlango. Nikamweleza yote, tangu Desemba, na hali ya hewa ya juu nikamtajia kwa kichwa, maana siku zote ni ileile. Alipiga simu kituo cha hali ya hewa Dodoma kuuliza, akajibiwa kwamba hata kwao ni hivyohivyo, kavu, wala hakuna dalili ya mabadiliko wiki ijayo. Akaweka simu chini akamtazama kondoo muda mrefu.

Bi Dorkas atatoa tangazo kwa vijiji vyote wasipande. Lakini tangazo linataka sahihi za wakubwa, na wakubwa wako kwenye mkutano hadi Jumatatu, na nyinyi mmeambiwa kesho. Ndiyo maana Mama mdogo Klara amekuja kwa miguu leo na kondoo wetu. Bi Dorkas alitaka kumbakiza kondoo awe ushahidi. Nikamwambia samahani mama, kondoo huyu ni wa watu. Akaniuliza, unajua kwamba watasema umemwiba? Nikasema najua. Akauchora mkato wa sikio kwenye karatasi yake, akaniachia kamba.

Wamekwisha kusema. Leo asubuhi Fabiano alikuja hapa dukani, hana utani usoni, akaniambia Mkuu ameandikisha polisi kwamba karani ameiba kondoo wa ofisi. Nikamuuliza ofisi ina kondoo tangu lini. Akasema tangu jana ulipomchukua. Hapo tukacheka wote wawili, baba, kicheko kibaya, halafu akanipa mkono na kuondoka, kwa kuwa naye ana watoto. Sitakimbia. Nikikimbia itakuwa kweli nimeiba. Nikimaliza barua hii nitakwenda polisi kwa miguu yangu mwenyewe kabla hawajanifuata. Naogopa sana. Ramesh amenipa chai, imepoa hapa kando ya karatasi. Mkewe, Bi Leela, alimlisha kondoo maganda ya viazi usiku kucha uani kwao, na amenifungia chapati za njiani kana kwamba ninasafiri mbali.

Kwa hiyo ninakuomba neno moja, na ndilo gumu kuliko yote niliyoandika. Kesho alfajiri mfunge huyo kondoo mbele ya nyumba, penye njia ambapo kila mwenye jembe atapita, sikio la kushoto likiwa upande wa njia. Watakuuliza amerudije. Waambie. Waambie ulimpeleka wewe mwenyewe, ukamwamkia kijana, na mvua haikununuliwa, kwa kuwa haiko kwa mtu yeyote wa kuiuza. Ukisema amepotea akarudi, au ukimficha zizini kwa aibu, watapita na kwenda kupanda, na mwezi ujao mtakuwa mnafukua punje moja moja kama yule mama. Najua beji yako iko hatarini. Najua watakaocheka, na najua ni nani atakayecheka zaidi. Lakini ni wewe tu watakayemwamini, kwa sababu ni wewe tu mwenye kondoo aliyerudi. Unyevu ukirejea huko juu Bi Dorkas ameahidi kuwatangazia, niwe kazini au nisiwe, na siku hiyo mama ashushe kibuyu.

Na polisi wakija na mchoro wa sikio kuuliza alama hii ni ya nani, nawe ujibu kama ilivyo. Sina shahidi mwingine.

Nisalimie mama, umwambie kondoo wake hajakonda. Rahabu, wape watoto chapati za Bi Leela, ziko kwenye kikapu cha Mama mdogo. Wasalimie majirani wote wa mstari wetu, hata wale tusiosemezana nao. Mama mdogo Klara atarudi mjini Jumapili. Usimpe pesa wala chakula cha kuniletea.

Nimeanza na shikamoo na namaliza nayo. Shikamoo baba. Mpe Mama mdogo jibu lake aniletee popote nitakapokuwa. Ile marahaba aliyoitikia mtu mwingine Jumatano haikuwa yake, ilikuwa yako, nami ninaingoja kutoka kwako.

Ni mimi mwanao,
Melkiori Alute